Kamera baadaye, maiki kwanza: mwongozo wa vifaa kwa watengeneza video wa Dodoma

Kiangazi kimoja alikuja kijana pale kituoni akiwa na flashi mkononi. Alikuwa amempiga video bibi yake kijijini. Bibi huyo alikuwa mmoja wa wanawake waliopiga ngoma ya muheme tangu usichana wao, na ndani ya video alikuwa anaeleza ngoma ile ilichezwa lini, nani aliruhusiwa kuipiga na nyimbo zake zilisema nini. Kijana alitaka tuitumie kwenye kipindi na sisi tulikuwa tunaitaka sana.

Tulifungua. Picha ilikuwa safi kabisa: uso wa bibi, mbuyu nyuma yake, jua la jioni. Kijana alikuwa amekopa kwenye kikoba akanunua kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Lakini tulipoongeza sauti, tulisikia upepo tu. Neno moja la bibi linatokea, upepo unalifunika, halafu linatokea jingine. Dakika 40 nzima.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ulitumia maiki gani?"

Akajibu, "Hii hii ya ndani ya kamera, dada."

Tulikubaliana arudi kijijini arekodi upya, nami ningemwazima maiki. Kabla hajapata nauli, bibi akafariki.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza "ninunue kamera gani?" namjibu kwa swali: "Sauti utainasaje?" Makala hii inaeleza kwa nini naanzia hapo, na jinsi ya kupanga ununuzi wa vifaa hatua kwa hatua kwa mtu anayejitegemea hapa Dodoma, awe anapiga harusi, ibada, mahojiano, video za muziki au filamu fupi.

Kwa nini sauti kwanza?

Mtazamaji huvumilia picha yenye kasoro. Picha ikiwa na giza kidogo au ikitikisika kidogo, bado ataangalia kama anasikia kinachosemwa. Sauti ikiwa mbovu, hatamaliza hata dakika moja. Jambo la pili ni kwamba picha mbaya ina namna ya kuokolewa: unaweza kuifunika kwa picha nyingine huku maneno yakiendelea. Neno lililomezwa na upepo huwezi kulirudisha kwa programu yoyote.

Fikiria marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003. Leo tunamsikia akiimba na kupiga ilimba na zeze kwenye albamu kama Chibite ya mwaka 1996 kwa sababu walionasa sauti yake walijua kazi yao. Hatuhitaji kumwona ili kumwelewa.

Hata wanaosifiwa kwa kupiga filamu kwa simu wanalijua hili. Mwaka 2015 mwongozaji Mmarekani Sean Baker alitoa filamu ya Tangerine, iliyopigwa kwa iPhone 5s na kuonyeshwa kwenye tamasha la Sundance. Watu wengi hukumbuka ile simu na kusahau kwamba sauti ilinaswa kwa vifaa vya kitaalamu, na mtu maalumu wa kazi hiyo alikuwepo.

Umbali ndio siri ya maiki

Maiki ya ndani ya kamera au simu haikutengenezwa vibaya. Tatizo lake ni mahali ilipo. Ukisimama mita 2 kutoka kwa msemaji, maiki nayo iko mita 2. Kwenye eneo la wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hushuka hadi robo. Sauti ya msemaji inapungua, lakini kelele za bodaboda, mashine ya kusaga na upepo zinabaki pale pale. Ndiyo maana maiki ya bei ndogo iliyo sentimita 20 kutoka mdomoni huishinda maiki ya bei kubwa iliyo mita 2.

Kwa kuanzia, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ile ya waya. Ibane kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu, mtandio au kitenge kinachosuguana nayo. Kabla ya kulipa, angalia pini yake. Pini yenye pete tatu nyeusi ni ya simu, yenye pete mbili nyeusi ni ya kamera. Ukichomeka ya simu kwenye kamera bila adapta, huenda usipate sauti kabisa. Na kama simu yako haina tundu la hedifoni, utahitaji adapta ya tundu la chaji, au maiki iliyotengenezwa kwa tundu hilo.

Maiki zisizo na waya, kama Rode Wireless GO iliyotoka mwaka 2019 au DJI Mic, ni nzuri kwa anayetembea huku akiongea. Zina mambo mawili ya kuangalia: betri yake ni kitu kingine cha kuchaji, na mawasiliano yanaweza kukatika mwili wa mtu au ukuta ukiingia kati. Kwa mahojiano ya kukaa, waya bado ni mwaminifu zaidi.

Upepo wa Dodoma usiuchukulie kirahisi

Sisi tuko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi kikianza Mei, miti hupukutika majani, ardhi hukauka, na miezi ya Julai hadi Oktoba upepo huwa mkali hasa mchana. Kile kisponji cheusi kinachokuja na maiki kinafaa ndani ya nyumba. Nje ya nyumba, hapa kwetu, hakitoshi. Unahitaji kofia ya manyoya inayovishwa juu ya maiki. Upepo unavunjika nguvu ndani ya manyoya kabla haujagonga maiki yenyewe, huku sauti ya mtu ikipita. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye begi lako, na huku kwetu ndicho kinachookoa kazi nyingi.

Ongeza na akili ya kawaida. Mkalishe msemaji upande wa nyumba usio na upepo, na mgongo wake uuelekee upepo. Rekodi asubuhi kabla upepo haujachangamka. Na usianze bila hedifoni masikioni. Macho hayawezi kukuambia kwamba maiki imezimwa.

Ndani ya nyumba tatizo linageuka kuwa mwangwi. Chumba chenye vigae, kuta tupu na vioo hurudisha sauti kama pipa. Sisi wa redio tunajua dawa yake: tandika mkeka au zulia, ning'iniza blanketi na khanga ukutani, sogeza godoro karibu na msemaji, nje ya picha. Mvua ikianza kugonga bati, simamisha kazi, unywe chai, usubiri.

Kinasa sauti cha pili: simu ya zamani

Huna hela ya kinasa sauti? Tumia simu ya zamani. Chomeka maiki ya nguoni, fungua programu ya kurekodi sauti, weka simu kwenye hali ya ndege isije ikaita, halafu iweke kwenye mfuko wa msemaji. Kamera na simu zikiwa zinarekodi zote mbili, piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, utaona viganja vikikutana kwenye picha na mlio mkali kwenye sauti. Linganisha hapo, kisha zima sauti ya kamera.

Ukipata uwezo, kinasa sauti chenyewe kina faida zaidi. Weka kwenye kilohezi 48, ambacho ndicho kipimo cha video, na biti 24. Sauti ya kawaida ya msemaji icheze karibu na desibeli −12 kwenye kipimo, ili akicheka au kupaza sauti isipasuke. Siku hizi kuna vinasa sauti vya biti 32 vinavyoacha nafasi kubwa sana kabla sauti haijapasuka. Vinafaa kwa ngoma na kwaya, ambapo sauti hupanda ghafla.

Kwa harusi na ibada, zungumza mapema na fundi wa mitambo akupe sauti moja kwa moja kutoka kwenye mixa. Kumbuka kwamba sauti ya mixa ni kali kuliko ya maiki. Iweke kwenye tundu linalopokea laini, au ipunguze, la sivyo itakwaruza. Na bado acha maiki moja ukumbini, kwa sababu mixa haina vigelegele.

Sasa tuje kwenye kamera

Kama una simu nzuri kiasi, anza nayo. Tumia kamera ya nyuma, funga mwanga na fokasi visibadilike katikati, usivute zumu ya kidole, bali sogea kwa miguu. Iweke kivulini, kwa sababu jua la saa saba mchana linaweza kuipasha moto hadi ijizime. Na ukimtumia mtu video kwa WhatsApp, itume kama dokumenti isije ikabanwa na kupoteza ubora.

Ukifika wakati wa kununua kamera, usianze na jina la kampuni. Anza na maswali haya:

Kwanza, ina tundu la maiki? Na la hedifoni? Kamera isiyo na tundu la maiki, hata iwe nzuri vipi, itakurudisha kwenye shida ya yule kijana.

Pili, inarekodi kwa muda gani bila kukatika? Kamera nyingi za picha zilizotengenezwa miaka ya nyuma hujizima karibu na dakika 30. Kwa filamu fupi hilo si tatizo. Kwa ibada au mahari, utajikuta umekosa neno la baba mkwe.

Tatu, inaonaje kwenye mwanga hafifu? Hapa ndipo ukubwa wa kile kioo cha ndani kinachopokea picha, yaani sensa, unapohusika. Sensa kamili ina milimita 36 kwa 24, na ile ya daraja linalofuata, APS-C, ina karibu 23 kwa 15. Sensa kubwa hupokea mwanga zaidi, lakini kamera na lenzi zake huwa ghali na nzito. Kwa anayeanza, APS-C inatosha vizuri.

Nne, betri zake zinapatikana? Umeme ukikatika ukiwa kazini, betri tatu zina thamani kuliko lenzi ya pili. Kamera inayochajiwa kwa waya wa USB ina faida, kwa sababu unaweza kutumia pawa benki.

Kuhusu 4K: picha hiyo ina nukta mara 4 ya picha ya HD kamili, yaani 3840 kwa 2160 badala ya 1920 kwa 1080. Ni nzuri, lakini inajaza kadi haraka na inalemea kompyuta. Watazamaji wetu wengi wanaangalia kwa simu na kwa bando la kuhesabu. HD safi yenye sauti safi inawatosha.

Lenzi, jua na taa

Lenzi inayokuja na kamera kwa kawaida ni ya milimita 18 hadi 55. Anza nayo. Ya pili iwe ile ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo karibu kila kampuni huitengeneza kwa bei nafuu. Kwenye f/1.8 inapitisha mwanga takriban mara 10 ya lenzi ya kwanza ikivutwa hadi f/5.6. Kwenye ukumbi wenye giza utaiona tofauti.

Nje, shida yetu ni kinyume: mwanga ni mwingi mno. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, kasi inayofaa ya shata ni 1/50. Kwa jua kamili na ISO 100, kamera italazimika kuziba lenzi hadi f/22. Ukitaka f/4 ili mandhari ya nyuma yalainike, unahitaji filta ya ND32, ambayo ni miwani ya jua ya lenzi. Au fanya kama wapiga picha wa zamani: mtoe mtu juani, mweke chini ya mwembe.

Fremu 25 sizitaji bure. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, na picha hupata mistari inayotembea. Ukiweka fremu 25 na shata 1/50, mistari hiyo kwa kawaida hupotea. Kama kamera yako imewekwa kwa mfumo wa NTSC, ibadilishe iwe PAL kwenye menyu.

Vumbi, kadi na nakala

Usibadilishe lenzi barabarani wakati gari linapita. Ingia ndani, geuza kamera itazame chini, badilisha haraka. Vumbi la kwenye sensa litoe kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, maana mate yanaacha madoa, wala si kwa ncha ya fulana.

Kadi za kumbukumbu za bandia ni nyingi. Kadi inaweza kuandikwa 128 lakini ndani ina 16, na itakuonyesha hivyo mchana wa harusi. Ijaribu nyumbani siku ya kwanza: ijaze video hadi mwisho kisha uangalie zote kama zinafunguka. Tafuta alama ya V30, maana yake inaweza kuandika megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka. Fanya hesabu pia: video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, hivyo kadi ya 64 inakupa kama saa moja na dakika 25. Ya megabiti 20 hula gigabaiti 9 tu.

Kazi ikiisha, weka nakala mbili sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta kadi. Kompyuta na diski ya nje vikikaa kwenye begi moja, mwizi mmoja atachukua zote mbili.

Ukinunua kamera iliyotumika

Iwe Kariakoo au hapa mjini, nenda na kadi yako, maiki yako na hedifoni zako. Rekodi dakika 10 na usikilize hapo hapo. Piga picha ukuta mweupe kwa f/16. Madoa meusi yakionekana, sensa ina vumbi au mikwaruzo. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute utando kama wa buibui: huo ni fangasi, na lenzi iliyokaa pwani kwenye unyevu hupata sana. Fungua menyu uone lugha, kwa sababu baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee. Mwisho, dai risiti ya EFD na uandike namba ya kamera, usije ukanunua kesi ya mtu mwingine.

Na droni? Isiwe kitu cha kwanza. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na huu ni mji wa Bunge na serikali. Ukiirusha bila kuuliza, unaweza kuipoteza pamoja na siku yako.

Gawa hela yako hivi

Ukiwa na shilingi 10, huu ndio ushauri wangu kama tayari una simu: 4 ziende kwenye sauti, yaani maiki, manyoya na hedifoni, 2 kwenye stendi imara ya miguu mitatu, ambayo siku ya upepo utaining'inizia begi lenye mawe, 2 kwenye kadi na diski, 1 kwenye taa ndogo, 1 ibaki kwa nauli na dharura. Fanya kazi, lipwa, kisha nunua kamera kwa hela ya kazi. Vifaa vile vya mwanzo vyote, isipokuwa labda pini ya maiki, utahamia navyo kwenye kamera mpya. Aliyeanza na kamera kwa mkopo, rejesho la kikoba linamfuata wakati kazi yake bado haisikiki.

Kabla ya kwenda kumrekodi mtu yeyote muhimu, fanya jaribio hili. Nenda Nyerere Square saa kumi jioni, simama wazi, ongea dakika moja. Rudi nyumbani usikilize kwa hedifoni. Kama kila neno linasikika, uko tayari. Kama halisikiki, usilaumu kamera.

Yule kijana alirudi kituoni miezi kadhaa baadaye. Kamera ilikuwa ile ile, ila safari hii alikuwa na maiki ya waya yenye manyoya na hedifoni zilizofungwa gundi. Alikuwa amemrekodi mdogo wake bibi. Huyu hakuzijua nyimbo zote alizozijua dada yake, na mara mbili alisema, "Hiyo angekueleza marehemu." Tulisikia kila neno, na tulirusha.

Kama una bibi au babu mwenye la kusema, usisubiri hela ya kamera kubwa.